Dagaa Hawakauki kwa Kurundikwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa vyuo vya Mwanza waliokusanyika Nyegezi, wiki tano kabla ya mitihani ya mwisho wa semista. Wengi ambao hawakufika waliniambia baadaye kwamba walikuwa na vipindi, au walikosa nauli ya daladala. Nimeiandika yote kwa ajili yao.

Mwangaluka, wanangu!

Ahsanteni. Nimesikia jibu la Kisukuma, "mhola", hadi kwa wale wa Mtwara na Pemba waliokaa kule nyuma. Mwanza imeshawapokea.

Walimu wenzangu mliofuatana na vijana, viongozi wa serikali za wanafunzi, na ninyi wanangu mlioacha usingizi wa Jumamosi mkaja kunisikiliza, habari za asubuhi.

Mlangoni kila mmoja wenu amepewa karatasi moja tupu. Msiiandike kitu. Ikunjeni, iwekeni mfukoni au ndani ya begi, na hayo madaftari mliyoyatoa yafungeni. Najua mmezoea kuandika kila mtu anaposimama mbele. Leo nisikilizeni tu. Wakati wa karatasi ukifika nitawaambia.

Nina maswali mawili. La kwanza: nani hapa usiku wa kuamkia leo amelala chini ya saa tano? Inueni mikono, msiogope, hakuna atakayeandika jina la mtu. Naona. Ni mikono mingi kuliko nilivyotamani kuiona.

La pili: nani jana alikaa na desa, yaani nukuu zake za masomo, kwa zaidi ya saa nne? Vizuri sana. Msishushe mikono. Sasa, katika ninyi mlioinua, nani anaweza kuja hapa mbele, bila daftari na bila simu, akatueleza kwa dakika tano alichokisoma jana?

Mikono iko wapi?

Sikuuliza ili kumwaibisha mtu. Nimeuliza kwa sababu ukimya huu ndio ulionileta. Nyumba hii imejaa watu wanaochoka kweli kweli, wanaopiga msuli mpaka macho yanavimba, kisha wanaingia chumba cha mtihani mikono mitupu. Mtu akichoka bila kupata kitu, msongo wa mawazo unamwingia, na si kwa sababu ni mvivu. Unamwingia kwa sababu anaona jasho linamtoka na haoni linakokwenda.

Nafundisha uhasibu. Mlango wa ofisi yangu hauna foleni mpaka ifike wiki ya mwisho. Mwaka jana, wiki hiyo, alikuja kijana wa mwaka wa pili, macho mekundu, amekumbatia desa lake la kurasa sitini hivi. Akaliweka mezani. Lilikuwa limepakwa rangi ya njano kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa, pembe zimejikunja, ukurasa wa juu una alama ya duara la kikombe cha chai. Akaniambia, "Mwalimu, hili nimelisoma mara saba." Nikamwamini. Desa lenyewe lilikuwa shahidi.

Nikalifunga, nikaweka kiganja juu yake. Nikamwambia, "Bodaboda amenunua pikipiki kwa shilingi milioni 3. Ataitumia miaka 5, kisha ataiuza kwa laki 5. Ukigawanya uchakavu sawasawa kwa miaka yote, kila mwaka ni shilingi ngapi?"

Kijana akafumba macho. Kisha akasema, "Iko ukurasa wa 14, upande wa kulia, juu, karibu na jedwali."

Nikamwambia, sawa, lakini ni shilingi ngapi? Akanyamaza. Akarudia taratibu, "Ukurasa wa 14."

Wanangu, yule kijana hakuwa mzembe. Ukurasa aliukumbuka kama picha. Mahali pa jibu alipajua, jibu lenyewe hakuwa nalo. Na hesabu ni hii tu: milioni 3 toa laki 5, inabaki milioni 2 na laki 5. Gawanya kwa miaka 5, unapata laki 5 kwa mwaka. Akili anayo, na hesabu hiyo anaiweza. Alichokosa ni kimoja: katika zile mara saba, hakuna hata mara moja aliyolifunga desa akajaribu kukitoa kitu hicho kichwani mwake mwenyewe.

Kusoma ni kutoa. Naomba niseme tena, polepole. Kusoma ni kutoa.

Sisi tumelelewa tukidhani kusoma ni kuingiza. Tunaingiza, tunaingiza, tunashindilia kama mtu anayejaza gunia la mkaa. Macho yakipita juu ya kitu mara nyingi, kitu kinazoeleka, na mazoea hayo tunayaita kujua. Yule mama anayeuza chapati pale unaposhukia daladala unamfahamu kwa sura, unamwona kila asubuhi. Jina lake unalijua? Mtihani haukuulizi kama umewahi kumwona. Mtihani unakuuliza jina.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma katika vipindi vinne. Kwa wastani walilipitia andiko mara 14. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, mara tatu na kidogo, kisha vipindi vitatu vilivyobaki waliandika kila walichokikumbuka kwenye karatasi tupu, bila kuliangalia tena andiko. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Mnaona? Ndiyo maana kurudia kusoma kunatudanganya. Dakika tano baadaye unajisikia umeiva.

Lakini nani anafanya mtihani baada ya dakika tano? Wengine katika kila kundi walipimwa wiki moja baadaye. Waliosoma mara 14 walibaki na asilimia 40. Waliosoma mara tatu na kujipima walikuwa na asilimia 61. Na kilichonigusa zaidi ni hiki: walipoulizwa mapema, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kipindi kikiisha, kabla hujafika kwenye foleni ya wali maharage, tafuta kivuli. Pale Malimbe kuna mawe ya kutosha, kaa juu ya jiwe, ziwa liko mbele yako. Chukua karatasi tupu. Andika yote unayoyakumbuka kwa dakika kumi. Usifungue daftari. Ukikwama, kaa na kukwama huko. Kule kukuna kichwa ndiko kusoma kwenyewe. Kisha fungua daftari, na kwa kalamu nyekundu jaza mapengo. Ule wekundu ndio somo lako la jioni. Yale uliyoyaandika kwa bluu yaache, hayakuhitaji usiku huu.

Na anayesoma hesabu, uhasibu au takwimu anisikilize vizuri. Swali lililokwisha kufanywa ni rahisi kulisoma kama gazeti. Kila mstari unatikisa kichwa, "ehee, sawa, sawa." Lifunike jibu. Lifanye mwenyewe. Pande mbili za urari zikikataa kulingana saa 4 usiku chumbani kwako, hiyo ni habari njema, umeligundua pengo mahali ambapo halikugharimu maksi hata moja. Pepa za miaka iliyopita nazo fanyeni vivyo hivyo: saa mbele yako, desa limefungwa, mlango umefungwa. Kupitia pepa huku majibu yako pembeni ni kujiburudisha tu.

Diskasheni je? Nzuri, ikiwa kila mtu anatoa. Kama kuna mmoja anayeeleza na watano wanaosema "hapo nimekupata", aliyesoma siku hiyo ni yule mmoja.

Sasa nije kwenye dagaa. Najua mmeona tangazo mkajiuliza dagaa wanahusiana nini na UE, mtihani wenu wa mwisho wa semista.

Mimi nimelelewa na dagaa. Mama yangu alikuwa mchuuzi. Alinunua wabichi alfajiri kwenye mwalo wa Igombe, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akawaanika, kisha akawapeleka Mwaloni Kirumba kuwauza kwa gunia. Ada yangu, sare zangu, godoro langu la chuo, vyote vilinuka dagaa. Nikiwa likizo kazi yangu ilikuwa kuanika. Siku moja mama alikwenda msibani akaniachia beseni nane. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na uvivu wa kuinama, nikawamwaga wote mahali pamoja, tabaka nene kama godoro. Nikakaa kivulini. Jioni juu walikuwa wakavu, wanang'aa kama fedha. Nikafurahi. Mama aliporudi hakuangalia juu. Alichomeka mkono katikati ya lile rundo, akautoa, akaninusisha vidole vyake.

Dagaa wa chini walikuwa wameoza.

Aliniambia maneno ambayo nayafanyia kazi hadi leo: "Dagaa hawakauki kwa kurundikwa. Wanakauka kwa kutandazwa na kugeuzwa." Unawatandaza wembamba. Baada ya muda unapita na kuwageuza. Unapita tena, unawageuza tena. Jua ni lile lile, dagaa ni wale wale, beseni ni zile zile nane. Waliotandazwa wanaliwa na watu kwa bei ya watu. Waliorundikwa wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Saa kumi za kusoma kozi moja usiku mmoja, wanangu, ni beseni nane mahali pamoja. Juu panang'aa. Asubuhi unajisikia unajua. Chomeka mkono katikati uone.

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya muda gani zinamtoka. Ilipopita saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Siku moja baadaye ilikuwa imebaki kama theluthi moja. Lakini aliona pia kwamba kazi ile ile ikigawanywa kwa siku kadhaa, inahitaji marudio machache kuliko ikifanywa yote kwa mkupuo. Wala hakuwahi kufika Igombe.

Basi kozi zako zitandaze. Ulichokiandika leo juu ya jiwe, kigeuze kesho kwa dakika kumi: karatasi tupu, kumbuka, fungua, jaza. Kigeuze tena baada ya siku tatu. Kisha baada ya wiki. Dakika kumi, dakika kumi, dakika kumi. Kila unapogeuza utaona yale mekundu yanapungua, na hapo moyo unaanza kutulia, kwa sababu sasa unayo sababu ya kutulia.

Nasikia mtu anasema moyoni, "Mwalimu, wiki zimebaki tano na nina kozi saba." Nakuelewa. Ndiyo maana nataka ufanye hesabu leo leo kabla ya kulala.

Kwenye vyuo vyetu vingi koswaki, yaani testi na kazi za semista, ni maksi 40 na UE ni 60. Chako kikiwa na mgawanyo mwingine, tumia wa kwako. Tuseme unataka B+, yaani 60. Mwanafunzi mwenye koswaki 28 anahitaji 32 kati ya 60 kwenye UE, nusu na ushee. Mwenye koswaki 16 anahitaji 44 kati ya hizo hizo 60. Hizo ni safari mbili tofauti kabisa, lakini mkiingia maktaba mnakaa meza moja na kuzipa kozi zote muda sawa. Kwa nini? Andika kozi zako zote saba, koswaki ya kila moja, krediti za kila moja, na maksi unazozihitaji. GPA, yaani wastani wa alama zako, inahesabu kwa krediti, ule uzito wa kila kozi: kozi ya krediti 12 inavuta mara mbili ya kozi ya krediti 6. Halafu utaona kwamba kati ya zile saba zinazokunyima usingizi, nne hazina shida, mbili zinahitaji kugeuzwageuzwa, na moja ndiyo inayowaka moto. Hofu ya kozi saba ikipungua ikawa hofu ya kozi moja, mtu anaweza kupumua. Nimewaona wengi wakilia ofisini kwangu, na karatasi hii moja ya hesabu ikawanyamazisha kuliko maneno yangu yote ya faraja.

Na mahudhurio! Vyuo vingi vinadai asilimia 75 ili uruhusiwe kukaa UE. Nenda kaulize yako yamefikia ngapi. Usilisubiri tangazo ubaoni.

Kuhusu simu sitasema mengi, mmeshaambiwa na kila mtu. Iwe chumba kingine wakati wa zile dakika za karatasi tupu. Basi. Na kuhusu bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu: siku linapoingia, kabla ya kitu chochote, nunua unga, mchele, maharage na mafuta ya mpaka siku ya mwisho ya mitihani. Nimewafundisha watoto waliofeli kwa njaa, na hili nalisema kwa uchungu, maana kwenye karatasi ya matokeo hakuna safu ya kuandika "hakuwa amekula".

Usingizi lakini sitaupita haraka.

Kaka yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa wanakesha, mnawaona usiku mkiwa juu mlimani, taa zao zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Lakini mwezi ukiwa mpevu, kambi nzima inatulia. Mbalamwezi ikimulika ziwa lote, taa haiwaiti tena dagaa. Ungewasikia wakisema, "Tutakwenda hivyo hivyo, tukazane"? Hawaendi. Wanashona nyavu, wanaziba mtumbwi, wanalala. Hakuna anayewaita wavivu. Wanajua kwamba mafuta yatakayoungua usiku huo hayatarudi.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unashuka hadi kufanana na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabuni wenyewe. Umeamka saa 12 asubuhi. Ikifika saa 5 usiku umetimiza saa 17. Baada ya hapo, kila ukurasa unaousoma unausoma ukiwa kama mtu aliyetoka baa. Je, ungekunywa kwanza ndipo ukafungue desa?

Na usiku ndiyo wakati ubongo unapoyapanga na kuyashikisha yale uliyoyashughulikia mchana. Ukiukata usingizi, unaikata kazi ya mchana wako mwenyewe. Kahawa na zile soda za enaji nazo mziangalie: kwa watu wengi, ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Usiku wa kuamkia UE, funga kila kitu saa 3, panga kalamu na kitambulisho, oga, lala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuja. Naomba utulivu.

Nilipokuwa mwaka wa pili, chuo ambacho sitakitaja, matokeo yalikuwa yanabandikwa ubaoni, ndani ya kioo, namba za usajili zimepangwa. Tulisukumana. Nikaona namba yangu, nikafuata mstari kwa kidole juu ya kioo mpaka mwisho, na mwisho kulikuwa na neno moja: supu, yaani nimefeli, nirudie mtihani. Nikarudi mwanzo wa mstari nikafuata tena, nikidhani kidole kimeteleza kikaingia mstari wa mtu mwingine. Hakikuteleza.

Sikumwambia mtu. Wanangu, sikumwambia mtu hata mmoja. Mama alipopiga simu ya jirani kuuliza, nikasema nimefaulu. Ulipofika mwezi wa kufanya supu nikamdanganya kwamba naenda mafunzo kwa vitendo. Nilikwenda chuoni peke yangu, nikajifungia, na kwa sababu nilikuwa na aibu sikumtafuta hata mwalimu wa kozi, ambaye ofisi yake ilikuwa hatua hamsini kutoka bwenini na mlango wake ulikuwa wazi. Nikakesha siku tatu. Siku ya mtihani nilisoma swali la kwanza mara nne na sikulielewa. Niliona ukurasa wa desa mbele ya macho yangu, wazi kabisa. Pembe zake, michoro niliyoichora pembeni. Maneno hayakuwepo.

Sasa mnajua kwa nini yule kijana wa ukurasa wa 14 sikumcheka.

Nilifeli supu. Kozi ikawa ya kurudia mwaka uliofuata, na ada yake ililipwa kwa dagaa. Hapo ilibidi nimwambie mama. Nilishuka kwenye gari Igombe mchana, nikamkuta ameinama mwaloni anageuza dagaa. Nikainama pembeni yake, nikaanza kugeuza na mimi, maana kumwangalia usoni nilishindwa. Nikasema nikiwa nimeinama hivyo hivyo. Yote. Supu, uongo wa mafunzo, kufeli tena.

Mama aliendelea kugeuza. Alimaliza safu yake yote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema hapana. Akaniambia, "Mimi dagaa wangu wamenyeshewa mara ngapi? Mwezi wa tatu ule nilipoteza gunia kumi na moja kwa usiku mmoja. Ulinisikia nimeacha kuanika? Lakini wingu nililiona mapema, nikanyamaza, nikasema labda litapita. Ningepiga kelele, wenzangu wangenisaidia kufunika." Akaniangalia. "Wewe wingu uliliona lini?"

Nililiona mwezi wa kumi na mbili. Matokeo ya testi ya kwanza, 5 kati ya 20. Nilikuwa nimeliona wingu miezi saba kabla ya mvua.

Wewe unayenisikiliza, wingu lako uliliona lini?

Usiwe peke yako nalo. Mwalimu wa kozi, mfuate sasa, wiki ya tano kabla, siyo siku ya mwisho na mimi nina watu thelathini mlangoni. Nenda na ile karatasi yako yenye wekundu, umwonyeshe mahali ulipokwama. Mwalimu akiona karatasi hiyo anajua pa kukushika mkono. Ukimwambia "sielewi kitu chochote", hata yeye hajui aanzie wapi.

Soma kanuni za mitihani za chuo chako. Ni kijitabu, wengi wenu mlipewa siku ya usajili mkakiweka chini ya godoro. Ukiugua, ukifiwa, kuna utaratibu wa kuahirisha mtihani au hata mwaka. Lakini unaomba kabla, kwa barua na vielelezo. Ukiingia chumba cha mtihani na homa ya malaria, ukafeli, kisha ukaleta cheti cha hospitali, umechelewa. Kila mwaka naona barua hizo, na kila mwaka inaniuma kwa sababu kijana amesema kweli.

Mshauri wa wanafunzi yupo kila chuo. Nendeni kabla hamjafikia ukingoni. Na kuna wale ambao uzito wao si wa kozi. Kuna mtu humu ndani ambaye halali wala hali, ambaye anafikiri ingekuwa afadhali asiwepo. Mwanangu, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una tiba. Pale Hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili, na madaktari wake wanawaona vijana kama wewe. Mwambie mtu leo. Ukishindwa kwenda peke yako, nitakaa hapa mlangoni mpaka wa mwisho atoke. Njoo, hata kama huna la kusema. Tutapanda daladala pamoja.

Na wewe ambaye rafiki yako chumbani ameacha kuja vipindi, ameacha kuoga, anajibu "niko poa" akiwa ameangalia ukutani: usimwachie. Mwulize kama amekula.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananiangalia. Sasa toeni ile karatasi. Mwenye kalamu mbili amwazime jirani yake. Simu ziwekwe chini ya viti.

Andikeni kila mnachokumbuka tangu nilipoanza kusema, kwa maneno yenu. Mkikwama msiulizane, kaeni na kukwama. Nitawapa dakika kumi. Anzeni.